Slaidi za Padre: Kwa Nini Hatukuzipeleka Zote Kampala

Tangu muhula uliopita watu wengi wameniuliza, wengine kwa upole na wengine kwa hasira, kwa nini Chama chetu cha Historia hakikuzipeleka Kampala zile slaidi zilizopatikana katika stoo ya maabara, hali wakubwa wetu waliosoma hapa zamani walikuwa tayari kuchanga fedha. Nimeonelea heri nijibu mara moja katika ukurasa huu, maana nimechoka kujibu njiani, na pia kwa sababu jambo lenyewe si dogo kama lionekanavyo.

Kwanza niwaeleze wadogo zangu wa Senior One, ambao wengi wao hawajapata kuona slaidi. Slaidi ni kipande cha filamu chenye upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24, kilichotiwa ndani ya fremu ya kadi au ya plastiki yenye sentimita 5 kila upande. Si negativu, ambayo huonyesha weupe mahali pa weusi. Slaidi ni picha yenyewe, na rangi zake ni zile alizoziona mpiga picha. Zamani ilitiwa katika mashine yenye taa kali, madirisha yakafungwa, na picha ikatokea ukutani kubwa kama mlango. Ubaya wake ni kwamba filamu iliyokuwamo ndani ya kamera ndiyo hiyo hiyo unayoishika mkononi. Hakuna nakala nyingine. Ikiliwa na ukungu, imekwisha.

Zetu ni 612. Zilipigwa na padre mmoja Mmarekani aliyefundisha sayansi hapa, na nyingi ni za filamu iitwayo Kodachrome. Kwenye kadi zake mmepigwa mhuri wa mwezi na mwaka, wa kwanza 1961 na wa mwisho 1968. Mhuri huo hausemi picha ilipigwa lini, bali filamu ilisafishwa lini. Kodachrome haikuweza kusafishwa na fundi wa duka la kawaida, kwa kuwa rangi zake hazikuwamo ndani ya filamu tangu mwanzo; zilitiwa wakati wa kuisafisha, moja baada ya moja, kwa mashine kubwa na dawa nyingi. Basi Padre alitia filamu yake katika posta ya Kasese, ikaenda ng'ambo, naye akangoja majuma mengi kabla ya kujua kama picha zimetoka. Hakuwa na hiari. Kodak waliacha kuitengeneza Kodachrome mwaka 2009, na duka la mwisho duniani lililokuwa likiisafisha, Dwayne's Photo katika mji mdogo wa Parsons, jimbo la Kansas, lilipokea filamu za mwisho mwezi wa Desemba 2010.

Sisi tunayo hiari, na ndiyo iliyoleta ubishi. Slaidi hizi zilipaswa kuingizwa katika kompyuta, upesi, kwa maana stoo ile inavuja. Tungeweza kulipa duka la picha, au kufanya wenyewe.

Duka moja la Kampala lilitutajia bei ya shilingi 3,000 kwa kila slaidi. Zidisha mara 612, utapata shilingi 1,836,000. Wakubwa wetu wawili walisema fedha hizo si kitu, watachanga. Mmoja wao aliniambia kwa simu, "Kijana, kazi ya fundi mpe fundi." Kwa kuwa yeye ni mtu mzima, nami sikutaka kubishana naye kwa maneno matupu, tulikubaliana kwamba tupeleke slaidi 10 kwanza, tuone.

Zilirudi baada ya siku 12, na kwa haki lazima nizisifu. Zilikuwa safi, kali, hazina vumbi, na ukizikuza unaona hata vifungo vya mashati. Mwalimu wetu wa sanaa alisema hajapata kuona kazi nzuri kama hiyo. Lakini mbili zilikuwa zimegeuzwa. Kila slaidi ina upande unaong'aa na upande wenye dawa, usiong'aa sana, na fundi akiiweka kinyume, kushoto kunakuwa kulia. Katika moja, mlima uliosimama kushoto kwa kanisa letu tangu dunia kuumbwa ulikuwa umehamia kulia. Katika ya pili wavulana wawili walikuwa wakisalimiana kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo nyumbani kwetu lingewaletea fimbo. Simlaumu fundi yule. Hajapata kufika kwetu, na picha haikuwa na kibao chenye maandishi cha kumwonya.

Jambo la tatu ndilo lililonifanya mimi binafsi nisimame katika mkutano na kupinga. Ni slaidi nambari 143. Ndani yake mapadre watatu wameketi mbele wamevaa kanzu nyeupe, jua la saa sita likiwawakia, na nyuma yao wamesimama wavulana 22. Duka lilituletea picha ambamo kanzu zimetoka vizuri ajabu, kila kunjo laonekana, na nyuso za mapadre ni dhahiri kama za watu waliopigwa jana. Wavulana 22 walikuwa mashati tu. Juu ya kila shati palikuwa na giza la mviringo.

Nataka mwelewe sababu, maana si uchawi wala si ubaya wa mtu. Filamu ya slaidi haiwezi kubeba kwa pamoja mwanga mkali sana na kivuli kizito. Mpiga picha akipima mwanga kwa kanzu nyeupe, ngozi nyeusi iliyo nyuma yake inazama. Akipima kwa ngozi nyeusi, kanzu inaungua na kuwa doa jeupe. Isitoshe, kwa miaka mingi viwanda na maduka ya kusafisha picha yalitumia kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, iliyojulikana kwa jina la Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, kazi ilihesabiwa kuwa nzuri. Basi picha ilipimwa kwa Mzungu mara ya kwanza katika kamera, na miaka 60 baadaye mashine ya Kampala, ambayo hupima mwanga yenyewe bila kuuliza mtu, ikapima tena kwa kile kilichong'aa zaidi. Mara mbili wavulana wale walipimwa kwa kipimo kisichokuwa chao.

Na kumbe wamo! Niliichukua slaidi yenyewe, nikaielekeza dirishani saa nne asubuhi, nikawaona. Hafifu, lakini walikuwamo, na mmoja anacheka.

Baada ya hapo mkutano ulikubali tujaribu. Nitaeleza vifaa kwa kifupi, kwa ajili ya wale wenye slaidi nyumbani. Skana ya ofisini haifai: mwanga wake hupiga karatasi na kurudi, hali slaidi yataka mwanga upite ndani yake, kwa hiyo utapata mraba mweusi. Ziko skana zenye taa katika kifuniko, lakini hatuna. Tuliazima kamera ya mwalimu yenye megapikseli 24 na lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, tukaifunga kwenye stendi ikitazama chini. Chini yake tuliweka ubao mweupe wa taa, mfano wa ule ambao madaktari huangalizia picha za mifupa, ulionunuliwa kwa shilingi 85,000. Wengine hutumia kioo cha simu badala ya ubao. Yawezekana, ila slaidi isilazwe juu ya simu, kwa sababu vidoa vya kioo vitaonekana katika picha. Iinuliwe juu ya kipande cha kioo sentimita kadhaa. Vumbi tulilipuliza kwa kile kimpira cha kusafishia masikio kinachouzwa katika duka la dawa. Kupuliza kwa mdomo ni marufuku, maana mate huacha alama.

Kazi ni ya kuchosha. Saa ikiwa njema slaidi 40 hupita, na saa nyingine umeme hukatika tukakaa gizani tukisimuliana habari. Ilituchukua Jumamosi tisa. Kila slaidi tuliipiga mara mbili, mara moja kwa kile king'aacho na mara moja kwa nyuso za watu walio katika kivuli. Picha ya pili aghalabu ni mbaya kwa kuitazama. Katika ile ya 143, kanzu za mapadre zimekuwa kama shuka iliyoanikwa, na nyuso zao karibu zimefutika. Lakini wavulana 22 wametokea, na huyo mmoja bado anacheka. Mwalimu wa sanaa haipendi. Sisi ndiyo tuliyoichukua Bwera.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba kazi yenyewe hata haijaanza. Katika ile kabati la Shirika la Utangazaji la Uganda iliyogunduliwa Kampala mwaka 2015 zilikuwamo negativu kama 70,000, nyingi za siku za Idi Amin. Kuziingiza katika kompyuta kulianza mwaka 2018, shirika likishirikiana na Chuo Kikuu cha Makerere na vyuo vya Michigan na Australia Magharibi, na mwaka 2019 baadhi yake zikaonyeshwa katika Makumbusho ya Uganda. Negativu zile zilitunzwa katika bahasha zenye maandishi, kwa hiyo mtafiti alikuwa na mahali pa kuanzia. Padre wetu hakuandika kitu, isipokuwa katika slaidi saba. Katika moja ameandika kwa Kiingereza maneno mawili yenye maana ya "wavulana wema". Naamini walikuwa wema, lakini majina yao je?

Tulifika Bwera asubuhi ya Jumamosi, wanafunzi watatu na mwalimu mmoja, tukiwa na kompyuta ya kubeba iliyojaa moto wa betri, nyumbani kwa mzee mmoja aliyesoma hapa kuanzia 1962 hadi 1965. Alivaa koti na tai kwa ajili yetu. Alitaja majina tisa ya ile picha bila kusita, na jina la kila mmoja likaja na kijiji chake, na mara nyingi likaja na kifo chake. Kisha dada yake mkubwa, bibi ambaye hakupata kusoma, akatoka jikoni akifuta mikono kwa kanga, akasimama nyuma ya kiti. Mwenzangu alikuwa amekwisha bonyeza kwenda picha inayofuata.

"Mjukuu wangu," bibi akasema kwa Lukonzo, "mrudishe huyo."

Tukamrudisha. Hakutazama mapadre wala kanisa. Aliweka kidole karibu na mvulana wa tano wa safu ya nyuma, bila kugusa, akasema, "Ndivyo alivyokuwa akisimama, bega moja chini." Alikuwa ndugu yao mdogo, aliyemaliza shule akaajiriwa katika machimbo ya shaba ya Kilembe, akafia huko chini ya ardhi. Mzee alikuwa amempita bila kumtaja. Baadaye alituambia kwamba alimwona tangu mwanzo, ila alishindwa kutoa jina mdomoni.

Familia ile haikuwa na picha yake hata moja. Nilidhani ni ajabu, mpaka nilipofika nyumba ya pili, na ya tatu, nikakuta vile vile. Wenzangu wa Bwera wanajua sababu. Rwenzururu ilipotangazwa tarehe 30 Juni 1962 kulifuata miaka mingi ya taabu, na nyumba nyingi zilichomwa moto. Mwaka 1996 waasi wa ADF walishambulia Mpondwe, watu wakakimbia na watoto na vyungu. Nani angekumbuka picha? Na upande wa Kilembe, mafuriko ya mto Nyamwamba ya Mei 2013 na ya Mei 2020 yaliingia ndani ya nyumba na kuchukua kila kilichokuwamo, hata hospitali haikusalimika. Hivyo yamkini sanduku la Padre ndilo albamu pekee iliyobaki ya watu ambao hata hawakujua kwamba wamo ndani yake.

Kule Kasese mambo yalikuwa mengine. Tulikwenda kwa wazee waliofanya kazi Kilembe na katika reli, ambayo ilifika Kasese mwaka 1956 ili kuchukua shaba ya kuyeyushwa Jinja. Watu hao walitoka pande zote, Kenya, Kongo, Rwanda na kila pembe ya Uganda, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Wajukuu wao hukiona kama lugha ya askari, lakini wazee hawa walituhadithia kwacho vizuri kabisa, na ndiyo sababu nyingine ya kuandika habari hii katika upande huu wa gazeti. Slaidi 34 ni za kituo cha reli na mabehewa. Mzee mmoja Mluo alitazama picha ya garimoshi, akatutajia si majina ya watu bali nambari za injini! Tuliziandika pia.

Naona msomaji ataniuliza: kwani picha za Kampala zisingeweza kuonyeshwa wazee vile vile? Zingeweza. Bali fikirini: zingekuja zimekamilika, zikapendeza, tukazibandika ukutani, na wavulana 22 wangebaki mashati. Hakuna ambaye angejua kwamba kuna kitu cha kutafuta. Mimi niligundua kwa sababu nilizishika slaidi zenyewe moja moja, kwa kuzipuliza vumbi.

Hata hivyo sisemi kwamba duka halina kazi. Slaidi 41 zilitushinda, nyingine kwa ukungu na nyingine kwa giza kubwa mno, na mashine ya duka huingia ndani ya giza kuliko kamera yetu. Hizo tulizipeleka Kampala kwa shilingi 123,000. Lakini safari hii tulitia alama ya penseli kwenye kila fremu kuonyesha upande wa mbele, na tulimwandikia fundi barua: apime mwanga kwa nyuso za watu, asipime kwa kanzu wala kwa mbingu. Alifanya hivyo barabara. Aliongeza kwamba katika kazi yake yote hajapata kuagizwa namna hiyo. Pia alitueleza jambo ambalo hatukulijua, kwamba mashine yake ina mwanga usioonekana wa kutambua vumbi na kulifuta, lakini mwanga huo hushindwa kupenya Kodachrome vizuri, kwa hiyo slaidi hizo husafishwa kwa mkono huko huko pia.

Ziko na slaidi 90 hivi za Ektachrome, ambazo rangi yake ya buluu imefifia na zote zimegeuka nyekundu. Mojawapo yaonyesha theluji ya Rwenzori, nayo imekuwa kama nyama. Kompyuta yaweza kurudisha weupe kwa kiasi, nasi tumejaribu, lakini tumehifadhi ile nyekundu pia, ili mtu atakayekuja baadaye na ujuzi zaidi aanzie pale. Wapandao mlima mpaka leo hulinganisha barafu na picha alizopiga Mwitalia Vittorio Sella mwaka 1906, alipofuatana na Duke wa Abruzzi, na barafu iliyobaki ni sehemu ndogo tu ya ile ya siku hizo. Slaidi yetu ya 1966 iko katikati ya wakati huo, na huenda ikamfaa mtu.

Hesabu ni hii, kwa kuwa wachangaji wana haki ya kuijua. Ubao wa taa shilingi 85,000, duka 123,000, nauli za Bwera na Kasese 96,000, diski mbili za kuhifadhia 440,000. Jumla 744,000. Diski moja iko Kasese na ya pili iko Bwera, kwa sababu mto hauwezi kufika miji yote miwili kwa siku moja. Slaidi zenyewe zimo katika masanduku mapya, na stoo imeezekwa upya.

Mpaka sasa tumepata majina 188. Wazee wawili kati ya waliotusaidia wamekwisha fariki tangu tulipoanza, mmoja kabla hatujarudi kwake kwa ahadi yetu ya mara ya pili.

Picha zilizobaki bila majina zimebandikwa katika maktaba, na Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tutakuwa Bwera na kompyuta. Katika nambari 143 bado tunamtafuta wa nane wa safu ya nyuma, yule anayecheka. Ana kovu juu ya jicho la kushoto na ameshika kofia ya majani mkononi. Wenzake wanamkumbuka kwa jina la utani tu, "Posta", kwa kuwa alikuwa akimbebea Padre filamu mpaka mjini. Amjuaye na amwandikie Mhariri.